Niliitaka Nyumba Isiyo na Kazi



Bibi harusi mtarajiwa ameniuliza wiki hii: "Dada, nimwombe mchumba wangu nyumba mpya nje ya mji, au nikubali kuingia kwa mama mkwe Mji Mkongwe?" Swali hilo lilininyima usingizi mimi pia, basi naomba nijibu kwa kisa changu.

Nimezaliwa Kate, wilaya ya Nkasi, kule juu Ufipa ambako mwezi wa sita tunaota moto asubuhi. Waislamu tulikuwa wachache. Kijiji kinajulikana kwa misheni ya zamani ya Wakatoliki. Nyumba ya bibi yangu ilikuwa ya udongo na nyasi. Kila kiangazi tulibeba udongo na maji kichwani, tukakandika nyufa na kusiriba sakafu. Mwaka mmoja bibi aliugua, hatukukandika. Mvua zilipoanza, ukuta wa nyuma ukalala chini. Nikaweka nia: nikiolewa, nataka nyumba isiyo na kazi.

Allah akaniandikia mume Unguja. Kwao ni Mji Mkongwe, mji ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000. Niliupenda siku ya kwanza. Jioni unapita chochoroni unasikia ganuni na udi, watu wanafanya mazoezi ya taarabu. Lakini nyumba yenyewe! Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, dari za boriti za mikoko, vyumba vyembamba kwa sababu boriti ndiyo inayoamua upana. Maji yakipenya juu ya paa, chokaa inalainika na boriti inaoza kimya kimya. Ukiziba kwa saruji unazidisha, maana unyevu unafungiwa ndani ya ukuta. Sote tunakumbuka tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, ilipoporomoka na kuua watu.

Kwa hiyo tulipokwenda kutazama Fumba, moyo wangu ulihama. Ni kilomita kama 18 kusini ya mjini. Mji mpya unajengwa kule tangu katikati ya miaka ya 2010: nyumba ndogo ndogo, nyingine zimeshikana ukuta kwa ukuta, bustani zinatunzwa, taka zinachukuliwa. Nikamwambia mchumba, "Hapa hapa."

Yeye akanyamaza. Usiku akanipigia simu: akiba yake ingetosha kitu kimoja tu, malipo ya kuanzia ya nyumba ya Fumba au paa la mama yake.

Dada zangu, nililia. Nilijua haki yangu. Mke ana haki ya makazi yenye staha, na Suratut-Talaq, aya ya 6, inataja makazi kwa kadiri ya uwezo wa mume. Haki ninayo. Lakini nilimkumbuka bibi na ule ukuta wa nyuma.

Nikakaa na kalamu. Nikaona kwamba kwenye nyumba mpya kazi haijaondoka, imepewa mtu mwingine, naye analipwa kwa ada ya kila mwezi. Ada hiyo haingoji mume apate mshahara. Nikaongeza nauli ya daladala kwenda na kurudi mjini kila siku.

Tukaamua hivi: akiba ikatengeneze paa, kwa fundi anayejua chokaa. Sisi tukapanga nyumba ndogo Fumba kwa mwaka mmoja, nikapata mlango wangu na funguo yangu. Ijumaa baada ya sala tunashinda kwa mama. Nilipomweleza, alinishika mkono akasema, "Mwanangu, mimi nilidhani umekuja kunichukulia mtoto."

Basi wewe mtarajiwa, kabla ya kuchagua, ulizeni mambo matatu. Kwanza, ada ya mwezi ni kiasi gani, na inaweza kupanda? Iandikwe. Pili, fedha zinatoka wapi? Kama ni benki, tafuteni yenye huduma za Kiislamu, mwambiwe bei yote kamili kabla ya kusaini, msiingie kwenye riba kwa ajili ya baraza zuri. Tatu, nani anabaki nyuma, na paa lake likoje?

Mwaka wetu unamalizika mwezi ujao. Akiba imeanza kurudi, kidogo kidogo. Hatujajua bado kama tutanunua. Ila masika iliyopita mvua ilipiga usiku kucha, na asubuhi mama mkwe alipiga simu kusema jambo moja tu: chumbani kwake pakavu.

Allah awape nyumba zenye sakina. Aamin.