Kauli Iliyoandikwa Ukutani: Tulivyojifunza Kufanya Utafiti

  

Wanafunzi wetu wapenzi, na nyinyi wazazi watukufu, kwa muda wa miaka miwili mmekuwa mkiuliza tunakwenda wapi kila Jumamosi na Jumapili na mkoba uliojaa karatasi, na darasa letu tumemwachia maalim mwingine. Wapo waliosema tumepata kazi serikalini. Wapo waliosema tunajenga. Ukweli ni kwamba tulikuwa tunasoma. Tulikuwa tunasomea stashahada ya uzamili katika masomo ya Kiislamu, na sehemu kubwa ya masomo hayo haikuwa kusikiliza mihadhara, bali kufanya utafiti na kuuandika. Mhariri wa jarida letu ametuomba tueleze utafiti huo ni kitu gani, nasi tumekubali, kwa sababu jambo tulilolitafiti liko ndani ya madrasa yetu hii hii na linamhusu kila anayepita mlangoni.

Sisi tuliokulia vyuoni tumezoea njia moja ya kusoma. Maalim husoma, sisi tukafuatisha. Tukahifadhi, tukasikilizwa, tukasahihishwa. Ni njia njema, na bila hiyo Qur'ani isingetufikia vifuani mwetu kama ilivyo. Lakini siku ya kwanza ya somo la mbinu za utafiti mhadhiri hakutuuliza tumehifadhi nini. Alituuliza, "Swali lako ni lipi?" Tukamtajia mada. Akasema mada anayo kila mtu, yeye anataka swali, tena swali ambalo jibu lake hatulijui bado. Darasa zima lilinyamaza. Tulikuwamo maimamu wawili, mwalimu wa sekondari, mama mmoja anayeendesha madrasa ya wasichana, na sisi.

Pendekezo letu la kwanza lilihusu hadithi dhaifu katika Afrika Mashariki. Msimamizi wetu alilisoma, akatabasamu, akasema, "Ustadh, hii ni kazi ya watu kumi na umri wao wote." Tukapunguza: hadithi zinazotajwa katika hotuba za Ijumaa mjini kwetu. Akauliza tutawezaje kuwa katika misikiti yote kwa wakati mmoja. Tukapunguza tena: kauli zilizoandikwa kwenye kuta za madrasa za mtaani kwetu zikinasibishwa na Mtume (S.A.W.). Hapo akatikisa kichwa kukubali. Ukuta haukimbii, alisema, na anayetaka kukuhakiki anaweza kwenda kuusoma mwenyewe. Kumbe hilo ndilo sharti kubwa la utafiti: mwingine aweze kupita njia uliyopita wewe aone kama atafika ulipofika.

Basi tukazunguka na daftari. Kuta za madrasa zinafanana sana. Usafi na imani, adabu kwa wazazi, na karibu kila mahali ile kauli ya kutafuta elimu hata kama ni China. Kauli hiyo mnaijua nyote. Imo juu ya ubao wetu mkubwa, kwa rangi ya kijani, na inaanza kwa maneno "Amesema Mtume (S.A.W.)". Iliandikwa kwa mkono wa marehemu maalim wetu aliyeijenga madrasa hii, Mwenyezi Mungu amrehemu. Tulipopeleka orodha, msimamizi akatutaka tuchague kauli moja tuifuatilie hadi mwisho, nyingine tuzitaje kwa ufupi. Akaweka kidole kwenye China.

Kazi ya kuifuatilia hadithi mpaka kwenye vitabu vya asili vilivyoipokea pamoja na sanad zake huitwa takhriji. Sheikh Mahmud al-Tahhan, aliyefariki mwaka 2022, aliandika kitabu mashuhuri kuhusu fani hii na akaonyesha njia tano. Unaweza kutafuta kupitia jina la Sahaba aliyepokea. Unaweza kutafuta kwa neno la mwanzo la hadithi, au kwa neno lolote lisilotumika sana ndani yake, au kwa maudhui yake, au kwa sifa fulani iliyomo katika matini au sanad. Kwa njia ya neno kipo kitabu kikubwa cha faharasa, al-Mu'jam al-Mufahras, kilichoanza kuchapwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1936 chini ya Wensinck na wenzake. Faharasa hiyo inahusu vitabu tisa, vikiwemo Sahihi mbili, Sunan, Muwatta na Musnad Ahmad. Tukakaa nayo maktaba. Tukatafuta kwa neno "Sin", yaani China. Hatukuipata kauli yetu. Kwa hiyo tukajua jambo moja, kwamba katika vitabu vile maarufu haimo. Na kutokuta kitu, ndugu wasomaji, ni matokeo nayo, mradi uandike ulitafuta wapi na kwa njia gani.

Siku hizi iko programu ya kompyuta iitwayo Maktaba Shamila, yenye maelfu ya vitabu vya Kiarabu. Unaandika neno, na kwa kufumba na kufumbua unaletewa kurasa mamia. Vijana wetu wa darasa la juu wanaipenda na wana haki ya kuipenda. Lakini msimamizi alikataa nukuu yoyote ambayo hatukuiona katika kitabu kilichochapwa, kwa sababu nakala za kompyuta zina makosa ya uchapaji na kurasa zake wakati mwingine hazilingani na za kitabu. Tulisafiri kwa daladala mbili kwenda kufungua juzuu moja kwa ajili ya ukurasa mmoja. Tulipotaka kunung'unika tulimkumbuka Jabir bin Abdillah (R.A.), aliyenunua ngamia akasafiri mwezi mzima hadi Sham kuisikia hadithi moja kutoka kwa Abdullah bin Unays (R.A.). Al-Khatib al-Baghdadi aliwakusanya wasafiri wa namna hiyo katika kitabu kizima. Daladala mbili si kitu.

Na katika vitabu vile vya nje ya tisa ndipo tuliipata. Wameipokea Ibn Adi, al-Bayhaqi, Ibn Abdil-Barr na huyo huyo al-Khatib. Njia yake mashuhuri inapita kwa mtu mmoja, Abu Atika, anayesema ameipata kwa Anas bin Malik (R.A.). Tulipofungua vitabu vya wapokezi kumtazama Abu Atika huyu, tulikuta Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 256 Hijria, amemhesabu kuwa ni munkar katika hadithi, na neno hilo kwa Bukhari ni zito sana. Al-Bayhaqi alieleza kwamba maneno ya hadithi hii ni mashuhuri lakini upokezi wake ni dhaifu. Ibn al-Jawzi, aliyefariki mwaka 597 Hijria, alikwenda mbali zaidi akaiweka katika kitabu chake cha hadithi za kuzuliwa, na katika zama zetu Sheikh al-Albani aliihukumu kuwa ni batili. Ama ile sehemu ya pili, inayosema kuwa kutafuta elimu ni faradhi kwa kila Muislamu, hali yake ni nyingine. Ibn Majah ameipokea, nayo ina njia nyingi. Njia hizo zimezungumzwa pia, lakini al-Mizzi aliona kuwa zikikusanywa zinaifikisha daraja ya hasan. Tazameni jinsi maneno yaliyoandikwa pamoja yanavyoweza kuwa na hukumu mbili.

Kisha ikaja kazi ya kuandika, na hapa tuliumia kuliko maktabani. Sisi ni watu wa mimbari. Tukiandika tunahimiza, tunaonya, tunaomba dua. Rasimu ya sura ya pili ilirudi imejaa wino mwekundu. Kila tulipoandika "inajulikana kwamba", msimamizi aliuliza pembeni: na nani? Tulipoandika "wanavyuoni wote", aliuliza: umewahesabu? Alitutaka tuieleze hoja ya wasiokubaliana nasi kwa namna ambayo wao wenyewe wangesema ndiyo, hivyo ndivyo tunavyosema. Alitukumbusha kwamba al-Ghazali alitunga kwanza kitabu cha kueleza makusudio ya wanafalsafa, ndipo baadaye akatunga cha kuwajibu.

Wapo wenzetu waliona mambo haya ni ya Kizungu. Sisi hatukuona hivyo. Kuweka marejeo chini ya ukurasa ni ndugu wa sanad: umeipata wapi, kwa nani, naye aliipata kwa nani. Tena wanavyuoni wa hadithi walikuwa na adabu ya uandishi ambayo vyuo vingi vya leo vingeitamani. Ibn al-Salah, aliyefariki mwaka 643 Hijria, ameeleza kwamba mtu akitaja hadithi dhaifu bila sanad asiseme kwa kukata, "Amesema Mtume", bali aseme "imepokewa" au "imetufikia". Kitenzi kimoja tu, lakini ndani yake mna uaminifu mzima. Katika Kiswahili chetu tunayo tofauti hiyo hiyo, baina ya "amesema" na "inasemekana", ila tunaitumia zaidi kwenye habari za mtaani kuliko kwenye dini. Na hapo mjini, pembeni mwa chuo, wapo watu wenye vibanda vya fotokopi wanaomuuzia mwanafunzi utafiti ulioandikwa na mtu mwingine. Anayenunua hupata cheti, lakini ukimuuliza Abu Atika ni nani hana jibu.

Sasa tufike kwenye ukuta. Utafiti ulipokubaliwa ilitulazimu tuwaeleze wazee wa kamati kabla hawajausikia kwa wengine. Tuliona pia ni wajibu kumwendea kwanza mjane wa marehemu maalim, kwa kuwa maandishi yale ni ya mumewe na yeye ndiye aliyeshika kopo la rangi siku ile yanaandikwa. Tulimsomea kurasa chache kwa Kiswahili. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo, mwanangu, maalim wako alimzulia Mtume?"

Hilo ndilo swali lililokuwa zito kuliko yote ya miaka miwili, na hakuna mhadhiri aliyetuuliza. Tulimjibu, "Hapana, Bi Mkubwa. Hajazua." Tukamweleza kwamba anayezua ni yule anayetunga maneno akijua kuwa ni uongo. Maalim aliipokea kauli kwa walimu wake kama ilivyo mashuhuri kote pwani na kwingineko, na al-Bayhaqi mwenyewe aliutaja umashuhuri wake karne nyingi kabla. Tukamweleza kuwa maana ya kuhimiza elimu haikuanguka. Imo katika Suratu Taha, aya ya 114, Mtume (S.A.W.) anapoamrishwa amuombe Mola wake amzidishie elimu. Kinachozungumzwa ni kunasibisha tu. Akakaa kimya, kisha akasema, "Maalim alikuwa akichukia sana kusemewa neno ambalo hakulisema. Sembuse Mtume." Akatuambia tufanye tunaloliona, lakini tusiibandue herufi yake.

Kamati haikuafikiana kwa urahisi. Mzee mmoja alisema tunawafundisha watoto kuwadharau waliotutangulia. Mwingine alitaka ukuta mzima upakwe chokaa siku hiyo hiyo. Binafsi tuliona wote wawili wanaharakisha. Tuliwakumbusha kuwa Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy (1912–1982), ambaye hakuna anayeweza kumtuhumu kwa kuwadharau wazee, aliandika kitabu kizima cha kuhifadhi habari za wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika, nani alisoma kwa nani. Kuhakiki na kuheshimu vilikaa katika mtu mmoja. Baada ya vikao vitatu ikaamuliwa kwamba maneno ya kijani yabaki, na yale ya mwanzo, "Amesema Mtume (S.A.W.)", yafunikwe kwa rangi ya ukuta, na chini yake iandikwe aya ya Suratu Taha. Mzee wa kwanza bado hajaridhika, na anasema kauli sasa imebaki kama methali isiyo na mwenyewe. Huenda ana hoja. Fundi rangi amekwisha kazi, na mkitazama vizuri mtaona alama ya herufi za kale chini ya rangi mpya.

Wanafunzi wa darasa la nne na la tano, hii inawahusu. Kuanzia muhula ujao kila mmoja ataleta kauli moja anayoisikia nyumbani ikitajwa kuwa ni hadithi. Aiandike kama alivyoisikia bila kuipamba, ataje ameisikia kwa nani, na amuulize mtu huyo kwa adabu naye aliisikia kwa nani. Asimkosoe bibi yake. Aandike tu. Kisha tutakwenda pamoja kwenye kabati, tufungue vitabu. Juzuu mbili zimeliwa na mchwa, nasi tunawaomba wazazi wenye uwezo watusaidie kabati la chuma.