Pambizo

Katoro, kwenye barabara itokayo Geita kwenda Chato, jua la adhuhuri huigeuza simu kuwa kioo: msomaji huona uso wake badala ya maandishi. Ndiyo maana Mpemba mmoja, auzaye vipuri vya makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu, alijinunulia kifaa cha kusomea chenye wino wa elektroniki. Skrini yake ina vifuko vidogo mno vya chembe nyeusi na nyeupe, ambazo umeme huzipandisha au kuzishusha. Ukurasa ukishatulia hauhitaji tena umeme, na kadiri jua linavyowaka ndivyo herufi zinavyoonekana.

Alichotaka kusoma ni utenzi ulionakiliwa na babu yake kwa hati ya Kiarabu. Daftari lenyewe limeliwa na mchwa; zimebaki picha tu, zilizoskaniwa na jamaa kabla ya msiba huo. Basi hapo raha ikaingia dosari. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Skrini ya inchi 6, takriban 9. Ukurasa mzima ukibanwa humo nukta hutoweka, na katikati ya neno ni nukta pekee zinazotenga be, te na nuni. Programu ya kupanga maandishi upya ilikuwa balaa zaidi: ubeti ulioandikwa kwa mstari mmoja wenye vipande vinne iliukatakata kama habari ya gazeti, vina vikatawanyika.

Alikilaza kifaa ubavu. Upana ukawa sentimita 12, mstari ukaenea. Akakoza weusi mpaka unjano wa karatasi ukafifia, akaamuru pambizo zikatwe ili herufi zikue. Miezi kadhaa akasoma kwa starehe, akisikitika tu kwamba babu hakuacha jina.

Waliozoea miswada, kama ile ya mkusanyo wa J. W. T. Allen katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanajua kwamba pambizo si mahali patupu. Huko wanakili husahihisha neno, na wenye kitabu hujiandikia mambo yao. Programu haiyajui hayo.

Usiku mmoja umeme umekatika, alifungua ukurasa wa mwisho kwa taa ya sola, pambizo zikiwa hazijakatwa. Kando palisimama wima maneno machache yaliyopauka. Akakigeuza kifaa. Lilikuwamo jina la babu, na jina la mwanamke aliyemsomea utenzi ule naye akiuandika. Si bibi yake; nyumbani hakuna aliyepata kumtaja.