Pasi ya Ndege: Simu au Karatasi?

Kariakoo ilipata jina lake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, na hata leo ni mtaa wa mizigo na wasafiri. Mwaka 2008 IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, kilikomesha tiketi za karatasi. Sasa hata pasi ya kupandia ndege hukaa simuni. Hata hivyo, mfanyabiashara aendaye Guangzhou ana sababu ya kuichapisha. Simu huishiwa chaji, na katika msongamano wa Mtaa wa Kongo huchomolewa mfukoni. Karatasi haihitaji umeme, wala mwizi haitamani. Lakini hulowa na kupotea. Ndugu msomaji, chukua zote mbili: akiba haiozi.