Pikipiki ya Safari na Pande Tatu za Mombasa Bara



Mgeni akitaja Mombasa hukusudia kisiwa, lakini wengi wetu tunalala ng'ambo. Kusini ni Likoni, kaskazini ni Kisauni, na magharibi ni Changamwe. Kila upande una mlango wake wa kuingilia kisiwani: Likoni ina feri, Kisauni ina daraja la Nyali, na Changamwe ina njia ya Makupa. Mwenye kulala upande mmoja na kutafuta riziki upande mwingine huiacha njiani sehemu kubwa ya umri wake. Nami ni miongoni mwao. Nyumba yangu iko Likoni, darsa zangu za asubuhi ziko Kisauni, na mara mbili kwa wiki nina wanafunzi Changamwe baada ya alasiri. Zaidi ya hayo, mama yangu mzazi yuko Vanga, kilomita mia na ushei kusini, karibu na mpaka wa Tanzania. Umri wake haumruhusu tena kutujia sisi, kwa hiyo sisi ndio wa kumwendea, mimi na mke wangu, mara mbili kila mwezi.

Kwa miaka saba chombo changu kimekuwa Boxer ya sisi 150, aina ile ile wanayoiendesha vijana wa bodaboda. Mjini haina neno. Lakini katika safari ya Vanga, tukifika Msambweni mgongo huanza kulalamika, na kila lori linapotupita upepo wake hutuyumbisha. Basi nilipopata habari kwamba bwana mmoja wa Changamwe anahamia mbali na anauza pikipiki kubwa ya safari, moyo ulivutika. Bei yake si ya kudhulumu, lakini ingeimaliza akiba tuliyoiweka kwa ajili ya masomo ya chuo ya binti yetu wa pili, na nusu ya akiba ile ni mali ya mke wangu, aliyoipata kwa kukaanga mahamri na viazi karai kabla jua halijachomoza. Mali ya mke ni yake. Mume hana ruhusa ya kuigusa ila kwa ridhaa yake. Kwa hiyo swali halikuwa kama naipenda pikipiki ile. Swali lilikuwa kama itatufaa sote watakaoilipia.

Yafaa kwanza tuijue aina yenyewe. Kuna pikipiki za mbio, kuna za mjini, na kuna hizi zilizoundwa kwa safari ndefu, zinazokwenda lami na njia ya vumbi kwa pamoja. Watu wengi huhesabu mwanzo wa aina hii kuwa ni mwaka 1980, pale kampuni ya BMW ya Ujerumani ilipotoa pikipiki yake ya R 80 G/S, ambayo herufi zake mbili za mwisho zinasimamia maneno ya Kijerumani ya nyika na barabara. Lakini safari zilitangulia chombo. Mwaka 1934 wanawake wawili wa Kiingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, walitoka London kwa pikipiki yenye kigari cha ubavuni na tela nyuma yake, wakaivuka Sahara, na wakafika Cape Town mwaka 1935. Nayataja haya ili asije mtu akasema mambo haya hayawahusu wanawake.

Pikipiki niliyoitiwa ni Himalayan ya Royal Enfield, iliyoundwa India na kuanza kuuzwa mwaka 2016. Injini yake ni ya sisi 411, tangi lake huchukua lita 15 za petroli, gurudumu la mbele ni la inchi 21, na kiti cha mwendeshaji kiko sentimita 80 kutoka ardhini. Uzito wake ni karibu kilo 200.

Kabla ya kuipanda, mimi na muuzaji tulikaa tukakubaliana, na jambo hili naliomba kila familia ilishike. Mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafi wamelizungumza tangu zamani suala la mtu anayechukua kitu cha mwenziwe ili akiangalie kwa nia ya kununua. Kikiharibika mikononi mwake, dhamana ni yake, hata kama mkataba wa mauzo haujafungwa. Wengi hudhani kujaribu ni bure, sivyo. Na kama mauzo yamekwisha kufungwa, pande mbili zaweza kuwekeana sharti la hiari, lisilozidi siku tatu, ambalo ndani yake mnunuzi ana haki ya kurudisha. Ama kasoro iliyofichwa, hiyo ina hukumu yake, na muuzaji ana wajibu wa kuibainisha. Sisi tulichagua njia ya kwanza: kujaribu kabla ya mkataba, kwa siku moja. Tukaandika kwa mkono nani atalipa kama pikipiki ikianguka, tukatazama bima kama inamkubali mwendeshaji mwingine, tukalinganisha namba ya injini na ile ya hati ya umiliki, nami nikamwachia Boxer yangu na kitambulisho changu.

Muuzaji alinishauri niende mpaka uwanja wa ndege na kurudi, kwa kuwa barabara ile ni nzuri. Nikamwambia kwamba mimi siishi uwanja wa ndege. Chombo hujaribiwa katika njia ambazo kitatumika, na kwa mizigo kitakayobeba. Basi nikaamua kuizunguka Mombasa Bara yote, pande zake tatu, siku moja.

Nilianza Magongo, nikaingia barabara kuu ya Nairobi kuelekea Miritini, katikati ya malori ya makontena. Hapa pikipiki ilinionyesha ubora wake. Boxer ikiwa kando ya lori hujihisi kama mtumbwi kando ya meli. Hii ilitulia, na nilipotaka kupita ilikuwa na nguvu ya kupita bila ya kuombwa mara mbili. Miritini nikakunja kushoto kuingia njia ya Dongo Kundu. Kipande chake cha kwanza, hadi Mwache, kilifunguliwa mwaka 2018, na mwaka 2024 magari yakaanza kuvuka moja kwa moja hadi Kibundani, kwenye barabara ya Likoni na Lunga Lunga. Wazee wetu hawakuijua njia hii. Mtu wa Changamwe akitaka kwenda Likoni ilimlazimu aingie kisiwani kisha apange foleni ya feri. Leo unapita juu ya mikoko, na daraja la Mteza peke yake ni takriban mita 1,440. Huko juu hakuna mti wala nyumba ya kuzuia upepo, na kusi ilikuwa ikivuma kutoka ubavuni. Pikipiki ile nzito haikujali. Nikasema moyoni: kwa safari ya Vanga, hakuna shaka, hii ndiyo.

Kutoka Kibundani nikageuka kaskazini, nikapita Ngombeni na Shika Adabu, mtaa ambao jina lake latosha kuwa mawaidha kwa kila mwendesha pikipiki. Nikafika nyumbani. Mke wangu alikuwa tayari, na kofia ngumu yake mkononi, kwani sheria ya Kenya inamtaka mwendeshaji na abiria wake wote wawili wavae kofia na kizibao chenye kung'aa, na abiria asizidi mmoja.

Hapa ndipo jaribio la kweli lilipoanza. Kiti cha Boxer ni kirefu, kimelala, na kiko chini. Mwanamke aliyevaa buibui hupanda kwa stara bila ya taabu. Kiti cha nyuma cha pikipiki hii kiko juu zaidi ya kile cha mbele. Mke wangu alilazimika kusimama juu ya baraza ndipo apande. Alipokwisha kukaa aliniuliza, "Bwana, na tukifika Vanga, au tukishuka njiani, hilo baraza tutalibeba?"

Kisha akainama akatazama gurudumu. Pikipiki nyingi zitokazo India zina wavu wa chuma ubavuni mwa gurudumu la nyuma, kwa kuwa sheria ya huko inataka kikingio cha kuzuia nguo zisinaswe, kwa ajili ya wanawake wavaao sari. Kikingio hicho ni rehema kwa wavaaji wa buibui pia. Mwenye pikipiki hii alikuwa amekiondoa ili afunge masanduku ya mizigo. Alikuwa hana kosa, kwani yeye hakuwa akipakia mtu. Lakini sisi ni wawili. Mke wangu alilikusanya buibui lake, akalikalia ncha zake, na ndani alikuwa amevaa suruali pana, kama afanyavyo siku zote. Dada zangu, msiache tahadhari hii hata kwa safari ya dakika tano. Nguo ikishikwa na cheni au gurudumu haimpi mtu nafasi ya kupiga kelele.

Tukashuka kivukoni. Anayeijua feri ya Likoni anajua: kuna mteremko, kuna maji ya chumvi yanayoteleza chini, kuna watu wengi, wenye mikokoteni na wenye watoto mgongoni, na wote wana haraka. Ukiambiwa rudi nyuma kidogo, huna injini ya kukurudisha. Ni miguu yako tu. Kuisukuma nyuma Boxer kwenye mteremko ni kazi ya mtu mmoja. Kuzisukuma nyuma kilo 200, na mke juu yake, kwa mtu aliyepita miaka hamsini, ni jambo jingine. Mke wangu alishuka, na vijana wawili wakanisaidia, Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini mimi hupita kivuko hiki kila siku ya kazi, kwenda na kurudi, na haiwezekani kila siku nikaomba vijana wawili.

Tukaingia kisiwani, tukalivuka daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980 mahali pa lile daraja la kuelea la tangu 1931, tukafika Kisauni. Njia kubwa haikuwa na tatizo. Tulipoingia vichochoro vya Mishomoroni, palipo na mchanga na madimbwi yaliyoachwa na mvua, gurudumu kubwa la mbele liliyapita mashimo kama hayapo, na shokabu zake zilikuwa laini mno. Nasema haki yake. Lakini penye kugeuka kati ya kuta mbili, pale ambapo Boxer hugeuka kwa mara moja, hii iligeuka kwa mara nne. Nilimwona na fundi wangu. Aliisifu kwa dakika kumi, kisha akasema kwamba kipuri cha Boxer hukipata kila njia panda, ama cha hii ni lazima akiagize na kungoja. Ajabu hiyo ina sababu yake: mwaka 2008 serikali iliziondolea kodi ya ongezeko la thamani pikipiki zenye injini chini ya sisi 250, zikajaa nchini, na vipuri na mafundi wakazifuata.

Alasiri tukarudi kupitia Makupa, juu ya daraja lililokamilika mwaka 2022 mahali pa tuta la zamani, tukamrudishia mwenyewe pikipiki yake salama, na tukaipanda Boxer kurudi Likoni kwa njia ile ile ya Dongo Kundu. Nilitaka tuzilinganishe siku moja, barabara moja, upepo mmoja. Juu ya Mteza Boxer iliyumba, na mke wangu akanishika kwa nguvu. Tofauti ilikuwa wazi, na hakuna aliyeikana.

Usiku, baada ya watoto kulala, tuliyaweka mambo mezani. Mke wangu hakunizuia. Alichukua kalamu akahesabu safari zangu za mwezi: za Vanga ni mbili, za mjini ni zaidi ya hamsini. Akasema, "Bwana, pikipiki ile inakufaa siku mbili, na itakutaabisha siku zilizobaki. Na fungu langu sikukunyima, lakini nililiweka kwa ajili ya mtoto. Ukilitaka, niambie kwamba lina faida kubwa kuliko masomo yake, nami nitakupa."

Sikuweza kumwambia hivyo, kwa sababu haikuwa kweli. Asubuhi nikampigia muuzaji simu, nikamshukuru, nikamwambia nimeacha ili atafute mwingine. Tuliyokubaliana mimi na mke wangu ni madogo: Boxer itiwe shokabu mpya za nyuma na tairi zote mbili, tununue kofia mbili zilizo madhubuti, na siku za upepo mkali au mvua twende Vanga kwa matatu. Lau ningekuwa mkaazi wa Lunga Lunga mwenye kazi Malindi, huenda hukumu ingekuwa kinyume chake.

Basi, wenye kutaka kubadilisha chombo, iwe pikipiki, gari au tuktuk, kijaribuni katika njia zenu wenyewe, na si katika njia ya muuzaji. Mpandeni wote mtakaopanda. Andikeni dhamana kabla ya kuwasha injini. Na nyinyi kina mama, msingoje kuonyeshwa chombo kikiwa kimekwisha kununuliwa na kuegeshwa mlangoni. Ombeni mkalie kile kiti cha nyuma kwanza, kwani mtu aliyekaa mbele haoni yanayompata aliye nyuma yake.

Wabillahi tawfiq.