Kabla Hajaongezewa Dawa

Nafanya tathmini za tabia nchini Australia, kwa watu wenye ulemavu wa akili au usonji ambao wengi wao hawasemi. Ninapoitwa, jalada linakuwa limeshamhukumu mtu: anapiga, anavunja, anatafuta kutazamwa.

Mimi naanza na mwili wake. Meno, masikio, kukosa choo, kifafa, usingizi. Kijana mmoja alikuwa akijipiga shavu mpaka linavimba, naye alikuwa ameshaongezewa dawa za kutuliza. Niliwaomba wahudumu waandike kila tukio: kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Kurasa zilipoongezeka ikaonekana kwamba hujipiga baada ya kula, hasa akinywa kitu cha baridi. Jino lilikuwa limeoza.

Si kila tabia ina jino nyuma yake. Wengine wanakimbia kelele, wengine wanataka mtu, wengine wamechoshwa na kazi wasiyoielewa. Mwaka 1985 Edward Carr na Mark Durand walionyesha kwamba mtoto akifundishwa kuomba kile ambacho fujo yake ilikuwa ikimpatia, fujo hupungua. Akifundishwa ombi lisilohusika, haipungui. Ndiyo maana siwezi kuandika mpango wa kumsaidia mtu kabla ya kujua anachokitafuta.

Kanuni za mwaka 2018 za bima ya taifa ya ulemavu, NDIS, zinadhibiti vizuizi vya aina 5: kumtenga mtu peke yake, kumpa dawa ili kumdhibiti, kumfunga kwa vifaa, kumshika kwa nguvu, na kumzuilia vitu au sehemu, kama kufunga friji kwa kufuli. Vinapotumika, nina mwezi 1 wa kutoa mpango wa muda na miezi 6 ya kutoa mpango kamili. Napenda ukali huo. Kinachoniuma ni kwamba dawa ya kutuliza hupatikana upesi, ilhali daktari wa meno anayeweza kumtibu mtu asiyekubali kuguswa husubiriwa sana, na mgonjwa anasubiri na maumivu yake.

Mzazi, au dada unayemlea ndugu yako: ukiletewa mpango wenye vizuizi hivi ili uukubali, uliza kwanza ni lini mara ya mwisho daktari alimtazama mdomo, masikio na tumbo. Usipopata tarehe, usitie sahihi siku hiyo.