SUFURIA KABLA YA KOMBE

Wahenga walinena kwamba mwenye njaa hana miiko. Nami naongeza kwamba mwenye njaa hana hata nguvu za kupiga mpira. Wasomaji wapenzi, najua wengi wenu mkiona neno kandanda katika jarida hili la Chama cha Kiswahili mtatarajia nianze kuzisifu Arsenal na Manchester United. Zi! Hizo tunazimaliza bwenini kila usiku hata viranja wamechoka kutunyamazisha. Leo nataka kuwasimulia habari za Celtic, timu kongwe ya Uskoti, kwa sababu historia yake ina jambo linalotuhusu sisi hapa Mwatate, tena mwaka huu huu.

Wengi wetu jina la Celtic tulilisikia kupitia kwa Mkenya mwenzetu, Victor Wanyama, aliyejiunga nayo mwaka 2011. Tarehe 7 Novemba 2012 Wanyama alipaa hewani, akaupiga mpira kwa kichwa, na wavu wa Barcelona ukatikisika. Akawa Mkenya wa kwanza kufunga bao katika Ligi ya Mabingwa Ulaya. Mechi ikaisha 2-1, na Messi alikuwa uwanjani mzima mzima! Siku moja kabla ya mechi hiyo Celtic ilikuwa imetimiza miaka 125. Wanahisabati wenzangu, 2012 ukitoa 125 unapata 1887. Basi twende huko.

Kuanzia mwaka 1845 viazi vilioza mashambani nchini Ireland, na njaa ikawafukuza watu makwao kwa maelfu. Baadhi yao walivuka bahari wakafika mji wa Glasgow, wakakaa upande wa mashariki wa mji, wakifanya vibarua vya ujira mdogo. Miaka arobaini baadaye umaskini ulikuwa bado umewakalia. Watoto wao walikwenda shule na matumbo matupu. Miongoni mwa waliowaona watoto hao kila asubuhi alikuwa Bruda Walfrid, mwalimu mkuu, naye mwenyewe mzaliwa wa Ireland.

Mwalimu huyo aliona jambo. Mwaka 1887 timu ya Hibernian, iliyoanzishwa na Wairishi wa mji wa Edinburgh, ilitwaa Kombe la Uskoti. Akawaza, kumbe watu hawa hawa maskini wako tayari kutoa senti zao kutazama mpira! Mbona senti hizo zisipike chakula? Tarehe 6 Novemba mwaka huo watu wakakutana katika ukumbi wa kanisa la St Mary's, na Celtic ikazaliwa. Kusudi lilikuwa kuchanga fedha za kuwalisha watoto wa parokia zile. Uwanja wa kwanza ulitengenezwa na watu wa kujitolea. Sisi tungesema ulikuwa wa harambee. Tarehe 28 Mei 1888 wakacheza mechi yao ya kwanza na Rangers, wakashinda 5-2.

Waama, niliposoma habari hizi nilimkumbuka rafiki yangu mmoja. Mwaka 2022 nilikuwa darasa la nane. Ninyi nyote mnaukumbuka ukame ule. Mahindi yalikauka yakiwa kimo cha goti, na yale machache yaliyonusurika bondeni yakaliwa na ndovu kutoka Tsavo. Rafiki yangu huyo tulikuwa tukikaa dawati moja. Saa ya chakula alikuwa akienda mferejini, anakunywa maji, kisha anarudi akijipangusa mdomo kama mtu aliyeshiba. Alikuwa winga wetu wa kushoto. Wee, ukimwachia mpira umeumia! Muhula wa pili alianza kuchoka kabla ya kipindi cha kwanza kwisha. Muhula wa tatu hakuja. Tukaambiwa ameenda kutafuta vibarua.

Ndiyo sababu mwaka jana nilifurahi timu yetu ya shule ilipocheza na vijana wa sokoni, na kiingilio kikawa gorogoro moja ya mahindi au maharagwe. Watu walikuja na mifuko, na wengine wakaja na vikapu. Mghosi mmoja alifika na gorogoro yake, akaimimina taratibu, kisha akataka kuondoka. Tukamwambia, "Mghosi, si ungoje utazame mpira?" Akatujibu, "Wanangu, mimi habari za kuotea sizijui. Njaa naijua." Siku hiyo tulipata magunia matatu na debe moja, tukayapeleka katika shule moja ya msingi ya jirani, na sufuria ikatoka moshi kwa wiki kadhaa.

Sasa mwaka huu ubishi umezuka. Wachezaji wengine wanasema ati mahindi yauzwe ili tununue jezi. "Timu bila jezi ni timu gani?" wanauliza. Si hoja ya kupuuzwa. Tulipokwenda Voi tulichezea fulana za mazoezi zenye rangi tatu tofauti, na nusura winga wetu ampe pasi mchezaji wa upande wa pili. Aibu ilioje!

Lakini Celtic nayo iliwahi kufika kwenye njia panda kama hii. Mwaka 1892 Bruda Walfrid alihamishiwa London. Mwaka 1897 timu ikafanywa kampuni yenye wanahisa. Mchango wa chakula cha watoto ukafifia, na sahani zile zikasahauliwa. Sikatai kwamba timu iliendelea kupata sifa. Tarehe 25 Mei 1967, jijini Lisbon, Celtic iliichapa Inter Milan 2-1 na kuwa timu ya kwanza ya Uingereza na Uskoti kutwaa Kombe la Ulaya. Kocha wao, Jock Stein, alikuwa amewahi kuchimba makaa ya mawe.

Basi sikilizeni ajabu ya timu ile. Wachezaji wote walikuwa wamezaliwa ndani ya maili 30 kutoka uwanja wao, yaani kama kilomita 48. Hawakununuliwa ng'ambo. Hebu chukueni ramani, mweke ncha ya bikari hapa Mwatate, mchore duara la kilomita 48. Voi imo. Wundanyi imo. Bura imo, na Maktau vilevile. Taveta imebaki nje, watuwie radhi. Ndani ya duara hilo kuna watoto wangapi wanaocheza mpira wa matambara pekupeku? Rafiki yangu alikuwa mmoja wao.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Bingwa anaweza kutoka karibu, Lisbon ni ushahidi. Ila ni lazima ale kwanza ndipo awe bingwa. Jezi humpendeza mchezaji aliyepo. Haiwezi kumrudisha aliyeacha shule kwa njaa. Kwa hivyo naomba mahindi ya kiingilio yasiguswe, hata gorogoro moja. Jezi tuzitafutie njia nyingine. Chama cha Wakulima Chipukizi kina sukumawiki nyuma ya maabara. Sisi wachezaji tuwasaidie kumwagilia na kupalilia, tuuze pamoja, tugawane. Nimekwisha kuzungumza na mwenyekiti wao, naye hakukataa, ila anataka kuona majembe kwanza, maneno baadaye. Na walimu wetu wapendwa tunawasihi watutengee Ijumaa moja jioni kwa kazi hiyo.

Mechi ya mwaka huu ni muhula wa pili, hapa hapa uwanjani kwetu. Mashabiki wa Arsenal karibuni, wa Manchester karibuni, na wasioijua kuotea karibuni zaidi. Mtu asije mikono mitupu: gorogoro moja, iliyojaa hadi juu.