Miguu Miwili Nyuma ya Bedford

Siku hizi, mwanangu, ukitaka kuinua jenereta pale Tanga unapiga simu tu. Kreni inakuja na dereva wake aliyevaa kofia ya plastiki, mnapatana bei kivulini, na kabla ya adhana ya adhuhuri kazi imekwisha. Mwaka 1982 kreni zilikuwapo, sikatai. Bandari ilikuwa na zake, reli walikuwa na zao, na kiwanda cha saruji cha Pongwe, kilichokuwa na umri wa miaka miwili tu, hakikukosa. Lakini hizo zilikuwa mali za mashirika ya umma, na mtu wa karakana ya uani huko Gofu angepata wapi ubavu wa kuziomba? Ungeandika barua, barua ingekwenda kwa bwana fulani, bwana fulani angekuwa safarini Dodoma, na mashine yako ingeendelea kulala nyasini mpaka mijusi izaliane ndani yake.

Karakana yenyewe ilikuwa ya baba mdogo, ambaye wewe ungemwita babu ungemkuta. Alikuwa na Bedford moja ya tani saba, ya pua ndefu, rangi ya kijani iliyopaukia kwenye kijivu. Lori hilo lilichukuliwa na serikali mwishoni mwa 1978 kubeba askari kwenda vita vya Kagera, na liliporudi halikuwa na kioo cha upande wa utingo, na ndani lilinuka vitunguu na mafuta ya bunduki, harufu iliyogoma kutoka hata kwa sabuni ya Mbuni. Baba mdogo alilipenda kuliko baadhi ya jamaa zake. Kazi yetu ilikuwa kuhamisha mashine. Katikati ya miaka ya 60 nchi ilitoa mkonge zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Tulipofika mwanzo wa miaka ya 80 haikufikia hata nusu yake, kwa kuwa kamba za nailoni zilikuwa zimeivunja bei duniani, na mashamba yenyewe yalikuwa yamechoka. Korona, yaani mitambo ya kuchakata mkonge, zikanyamaza moja baada ya nyingine. Ukipita Muheza au Korogwe ulikuwa umezoea ile harufu kali ya maji ya mkonge yaliyochacha, inayokufuata mpaka ndani ya basi. Ghafla ukawa unapita na husikii kitu. Injini zilizobaki humo, Ruston na Lister za Kiingereza, nzito kama dhambi, zilitafutwa na vijiji vilivyotaka mashine za kusaga. Mwenye lori alikuwa na riziki, mradi ajue namna ya kuipandisha injini kwenye lori.

Namna yetu ya awali ilikuwa mabao, magogo ya kuviringishia, na watu. Tuliwakodi vibarua kumi na tano au ishirini, kila mmoja shilingi 20, ndiyo malipo ya siku ya kima cha chini, pamoja na chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha. Walivuta kwa nyimbo, na nyimbo zenyewe nyingine siwezi kukuandikia hapa. Hesabu hiyo ilikuwa ikila faida yote. Tena kulikuwa na vidole. Kijana mmoja wa Pongwe aliacha vidole viwili vya mguu chini ya tangi la mafuta, na baba mdogo alimlipia hospitali na kumpa kazi ya kulinda geti, lakini tangu siku hiyo hakuweza kuutazama ubao wa kupandishia bila kukunja uso.

Jirani yetu upande wa kisimani alikuwa mzee mmoja tuliyemwita Nahodha, mtu wa Pangani, jicho moja limeingia ukungu, midomo imekoza wekundu wa tambuu. Alikuwa amebeba boriti za mikoko kutoka Rufiji mpaka Lamu na mbele zaidi, akalizeekea jahazi lake, akaliuza, akaja kukaa kwa binti yake. Kila asubuhi alikuja na kigoda chake, tunamwamkia shikamoo, anajibu marahaba, kisha anatutazama tunavyohangaika bila kusema neno. Nadhani alivumilia mwaka mzima. Siku moja, tulipokuwa tunasukuma springi na gia boksi kuukuu juu ya mabao, akatema tambuu pembeni akasema: "Nyie wanangu mnasukuma mzigo kama mbuzi asiyetaka kwenda machinjoni. Mzigo hutwekwa." Baba mdogo akamwuliza, kwa adabu lakini kwa kukerwa, watautweka kwa nini na hapa hapana mlingoti. Mzee akanyoosha fimbo kuelekea mkia wa Bedford. "Uwekeni pale."

Alichotueleza, akichora mchangani, ni hiki. Pwani, jahazi likitaka kuwekewa mlingoti mpya, hakuna kreni. Wanasimamisha nguzo mbili zilizofungwa vichwa pamoja na kutanuliwa miguu, roda inaning'inia pale zinapokutana, na nguzo hizo zinazuiwa zisianguke kwa kamba moja tu inayokwenda nyuma. Nguzo mbili haziyumbi kushoto wala kulia kwa kuwa zina miguu miwili. Zinaweza kulala mbele au nyuma tu, na kulala huko unakutawala wewe kwa kamba. Ukiilegeza kamba, vichwa vinainamia nje, unashusha ndoana, unafunga mzigo, unautweka. Ukiivuta kamba, vichwa vinarudi ndani pamoja na mzigo wako, unaushusha juu ya lori. Mimi nilikuwa nimetoka shule ya ufundi na cheti changu kikavu, na nakumbuka nilivyotazama ule mchoro nikaona ni hesabu ileile ya pembetatu za nguvu tuliyofundishwa ubaoni bila kuonyeshwa inafanya kazi gani.

Kupata vifaa ndiko kulikotuchosha. Mabomba tuliyapata kwa mzee wa Kihindi mwenye duka la vyuma Ngamiani, mtu mwembamba, shati jeupe, miwani imefungwa kwa uzi, ambaye rafu zake za mbele zilikuwa tupu kabisa lakini uani kwake hapakukosekana kitu. Yalikuwa mabomba ya kisima, inchi nne, ukuta mnene, futi 16 kila moja. Alitaka shilingi 900 kwa yote mawili. Tukampa 700 na ahadi ya kumtengenezea pampu. Vijiti vya kuchomelea vilikuwa vya kulangua, shilingi tatu kijiti kimoja, na baba mdogo alivihesabu kila jioni mbele yetu sote. Gesi ya kukatia tulitengeneza kwa kabaidi na maji. Mpaka leo nikisikia harufu ya kitunguu saumu kilichoanza kuoza huwa nageuka kuutafuta mtungi. Chenibloku ya tani tatu ilitoka Mombasa. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu Jumuiya ya Afrika Mashariki ivunjike mwaka 1977, lakini bahari haina geti, na ngalawa za Moa zilijua njia. Ilitua usiku imeviringishwa kwenye gunia la kunde, bei shilingi 4,000, karibu miezi saba ya kima cha chini. Risiti? Nani angeiandika.

Tulichomelea vipande vya bamba nene kwenye pembe mbili za mkia wa chasisi, tukatoboa, tukapitisha pini za springi za lori jingine zikawa bawaba za miguu. Juu, vichwa viliunganishwa kwa bamba na bolti moja nene kama kifundo cha mkono. Kamba ya nyuma ilikuwa waya wa chuma, na hapo Nahodha alitutesa. Waya wa kwanza tuliouleta aliupitisha polepole kwenye kiganja kilichoshika kitambaa. Kitambaa kikanasa kwenye nyuzi zilizokatika, akautupa. Wa pili akaukataa kwa kutu iliyokuwa ndani, baada ya kuukunjua kwa msumari. Tulipomwambia basi tutumie kamba nene ya mkonge, mji wenyewe ni wa mkonge, akacheka sana. Kamba ya mkonge hunyooka ikibeba na hujikunja ikilowa, na yeye hakutaka kitu chenye hiari yake nyuma ya mzigo. Waya wa tatu aliukubali. Ulifungwa kwenye winchi ya mkono tuliyoichomoa kwenye chakavu na kuifunga nyuma ya kichwa cha lori, ukapitishwa kwenye roda mbili ili nguvu ya kuvuta ipungue nusu.

Sasa sikia jambo ambalo mafundi wengi mpaka leo hawalijui. Wanaogopa miguu itapinda, wanaijazia chuma, na waya wanaweka wowote. Miguu yetu ilikuwa futi 16, na kutoka bawaba mpaka kwenye winchi kulikuwa vilevile futi 16. Nilipiga hesabu kwa chaki kwenye sakafu: vichwa vikiinama nyuzi 30 kutoka wima, waya wa nyuma unavutwa kwa uzito uleule wa mzigo, tani mbili kwenye ndoana, tani mbili kwenye waya. Viinamishe nyuzi 45 na waya unabeba karibu mara mbili ya mzigo. Mzigo haujaongezeka hata kilo. Nahodha hakujua nyuzi wala chaki, lakini alikuwa tayari amemfunga utingo kwa agizo moja: vichwa visitoke nje kuliko fimbo yake aliyoisimika. Nikaipima baadaye. Ilikuwa nyuzi 30 na chembe.

Lipo na suala la pua. Mkia wa lori ulipita ekseli ya nyuma kwa futi nne, na vichwa vikiinama vilitoka futi nane zaidi. Mzigo mzito ungeweza kuifanya Bedford isimame kwa miguu ya nyuma kama farasi. Tukanunua mataruma mawili ya reli yaliyokataliwa, tukawa tunayapanga chini ya mkia wa chasisi kabla ya kuinua chochote, ili uzito ushuke ardhini badala ya kugeukia kwenye ekseli. Na minyororo miwili, kushoto na kulia, ilizuia miguu isipitilize ndani kuelekea kwenye kichwa cha dereva. Kuhusu minyororo hiyo mzee alikuwa mkali kuliko kuhusu kitu chochote. Mzigo ukikatika, alisema, mlingoti hauanguki na mzigo. Unaruka upande wa pili.

Tulijaribu kwa mapipa ya mchanga, kila pipa kilo mia tatu na ushei, tukaongeza mpaka sita, tukayaacha yaning'inie tangu asubuhi hadi alasiri huku watoto wa Gofu wamejaa juu ya ukuta wakilipigia makofi lori waliloliita Twiga. Kazi ya kwanza ya kweli ilikuwa Ruston ya shamba moja njia ya Muheza, kibati chake kikisoma kilo 1,850. Watu wanne tu: mmoja kwenye mnyororo wa chenibloku, wawili kwenye winchi, baba mdogo akisimamia na kupiga kelele zisizohitajika. Ilipanda inchi kwa inchi, ikitoa vumbi jekundu na kinyesi cha popo, na mlinzi wa shamba, mzee wa Kimakonde aliyekuwa ameiona injini hiyo ikifungwa enzi za Waingereza, akavua kofia. Hakusema kitu. Tulimaliza kabla chai haijapoa, na kijiji kilitulipa shilingi 1,200 na mbuzi.

Mwaka uliofuata, Machi, Waziri Mkuu Sokoine akatangaza vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Watu walitupa mali vichakani na baharini usiku. Mtu mwenye katoni ya sabuni alilala macho. Chenibloku yetu isiyo na risiti ilizikwa kwenye pipa la mchanga lilelile la majaribio, na karakana ikafagia tu kwa wiki kadhaa. Sina kinyongo na Sokoine. Uchungu aliokuwa nao ulikuwa wa kweli, na alipokufa kwa ajali ya gari Aprili 1984 baba mdogo alifunga karakana na kulia waziwazi. Lakini nataka ujue kwamba msako uleule uliomtisha mlanguzi ulimtisha na fundi, kwa kuwa kila fundi mwenye kifaa alikuwa amekipata kwa mlanguzi.

Watu waliiga, bila shaka. Nililiona lori moja lenye miguu mizuri kuliko yetu, imepakwa rangi, na nyuma ina waya uliochomoza miiba, minyororo hakuna. Baadaye tukasikia waya ulikatika wakiinua tangi. Utingo aliyekuwa chini hakupona. Ndiyo maana nakunja uso ninapowasikia wazee wenzangu kwenye baraza wakisema uhaba wa miaka ile ulitufanya wabunifu. Uhaba ulitufanya tununue vijiti kwa kuhesabu na waya kwa kubahatisha. Ujuzi wa kuinua mzigo ulikuwapo kabla ya uhaba, umekaa kwenye kigoda kando ya kisima, na laiti tungeuliza mapema yule kijana wa Pongwe angekuwa na vidole kumi. Kreni tungeipata, tungeinunua siku hiyohiyo, na Nahodha angekuwa wa kwanza kupanda kuijaribu.

Alifariki kabla Mwalimu Nyerere hajang'atuka. Alipoingia madarakani Mzee Mwinyi na mambo yakawa ruksa, malori ya Kijapani yaliyotumika yakaanza kujaa mjini, mengine yana kreni zake kabisa, na Bedford ikauzwa kwa mtu wa mchanga wa Mabokweni. Miguu ilikwenda kwa uzito wa chakavu. Chenibloku hatukuiuza, iko Muheza kwa binamu yako, anaikodisha kwa siku, na ukimwuliza atakuambia bei yake ni ya undugu. Usikubali. Patana naye.